Haluwa ya zawadi, haluwa ya biashara

Msafiri anayevuka Lunga Lunga kwenda Horohoro huacha nyuma mahamri na mbaazi za nazi, akafika Tanga akakuta supu na chapati. Lugha ni moja, lakini kila meza ina maneno yake. Sima ya Mombasa ni ugali Dar es Salaam, posho Kampala na bukari Lubumbashi. Anayeagiza "rolex" Busia upande wa Uganda haletewi saa, bali mayai ya kukaanga yaliyoviringishwa ndani ya chapati.

Kwa mchuuzi, mlo wa njiani si anasa. Kwa mama lishe ndiko anakosikia bei ya vitunguu imepanda wapi na mzigo wa nani umekwama. Lakini hapo hapo mtaji huweza kupungua. Kenya, Tanzania na Uganda zote hutumia shilingi, ila thamani hazilingani. Ni vyema kuuliza kabla ya kunawa mikono: sahani ni shilingi ngapi, na za nchi gani?

Baada ya mlo huja utamu. Haluwa ya pwani, yenye undugu na ile ya Oman, hupikwa kwa sukari, wanga, samli na iliki, ikikorogwa motoni muda mrefu hadi iwe nzito. Huliwa kwa kahawa chungu. Kwa kuwa haiharibiki upesi, imekuwa zawadi ya safari kutoka Zanzibar na Mombasa, sawa na kashata za nazi na karanga.

Kilo moja ya watoto ni zawadi. Katoni tano ni bidhaa. Utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki husamehe ushuru wa forodha kwa mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani, mradi bidhaa imetengenezwa ndani ya Jumuiya na imo kwenye orodha iliyokubaliwa. Cheti rahisi cha asili hutolewa mpakani. Kodi nyingine na vibali vya chakula hubaki pale pale, hivyo mwenye mzigo aulize forodhani kabla ya kununua.

Anayekwepa kwa njia za panya huenda akapoteza mzigo na mtaji pamoja. Anayefuata utaratibu hufika nyumbani na faida, na kipande cha haluwa cha kunywea kahawa.