Etheldreda Nakimuli-Mpungu na Tiba ya Kisaikolojia ya Vikundi: Mchango Wake Ukitazamwa kutoka Rusimbi, Kigoma

Etheldreda Nakimuli-Mpungu, daktari bingwa wa afya ya akili na mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Makerere, ni miongoni mwa wataalamu wachache wa Afrika Mashariki waliobuni tiba ya kisaikolojia yao wenyewe badala ya kuazima iliyotungwa Ulaya au Marekani. Alipata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, lakini sehemu kubwa ya utafiti wake ameifanya kaskazini mwa Uganda, eneo lililopitia vita vya takribani miongo miwili, miongoni mwa watu waishio na virusi vya UKIMWI wenye sonona.

Katika tiba hiyo, watu 10 hadi 12 wa jinsia moja hukutana kila wiki kwa wiki nane. Hufundishwa sonona ni nini, husimuliana yaliyowasibu, hujifunza namna ya kukabiliana nayo, na mwishoni hupewa stadi za kujipatia kipato. Kwa maoni ya makala haya, upya wa tiba yake umo katika hatua hiyo ya mwisho: umaskini haukuachiwa ustawi wa jamii, bali uliingizwa ndani ya tiba yenyewe. Aidha, wanaoongoza vikundi ni wahudumu wa afya ngazi ya jamii, si wanasaikolojia.

Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 katika jarida la The Lancet Global Health yalihusu vituo vya afya 30 na washiriki 1,140 katika wilaya za Gulu, Kitgum na Pader. Miezi sita baada ya tiba, chini ya asilimia 1 ya waliotibiwa walikuwa na sonona, ikilinganishwa na asilimia 28 ya waliopewa elimu ya virusi vya UKIMWI katika vikundi. Kwa kuwa wote walianza wakiwa na sonona, hata kundi la ulinganisho lilipata nafuu kubwa. Huenda kukutana kwenyewe kulichangia.

Je, utaratibu huu unahamishika hadi kata ya Rusimbi, mjini Kigoma-Ujiji? Katika kata ambayo majirani hufahamiana, usiri wa kikundi ni suala zito kuliko mtaala. Ratiba nayo ina utata. Wavuvi wa dagaa wa Ziwa Tanganyika huvua kwa taa usiku wa giza na hupumzika mbalamwezi ikiwaka. Vikao vinane vya kila wiki huvuka takribani miezi miwili ya mwandamo. Kwa vikundi vya wanaume, kalenda ya vikao ingepaswa kufuata mwezi.