Kifua Kikuu Kwa Wasio na Mlango wa Kubishiwa Hodi

Giza likiingia, wauzaji wa mitumba katika Soko la Toi, pembezoni mwa Kibera jijini Nairobi, hushindilia nguo kwenye magunia na kufunga vibanda. Hapo ndipo wengine huanza kutafuta pa kulala: chini ya meza za mbao, kwenye baraza za maduka, watatu wamebanana chini ya gunia moja. Sensa ya familia za mitaani ya mwaka 2018 ilihesabu watu 46,639 kote Kenya, 15,337 kati yao wakiwa Nairobi.

Huduma za afya huwakosa kwa sababu hufuata milango. Septemba 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii 100,000, kila mmoja akipangiwa takriban kaya 100. Mpango mzuri sana, ila kijana anayelala Toi hayumo katika kaya yoyote. Akikohoa wiki mbili, dalili inayotosha mtu kupimwa kifua kikuu, nani atamwambia aende kupimwa?

Ugonjwa huu husafiri hewani. Mahali pasipo na upepo, chembe zinazotoka kifuani mwa mgonjwa huelea kwa saa kadhaa. Nje, upepo huzitawanya na jua huua vimelea. Kwa hiyo kuwasomba watu mitaani na kuwajaza kwenye ukumbi mmoja huweza kuwaongezea hatari. Boston, Marekani, iliyaona hayo miaka ya 1980, kifua kikuu kiliposambaa katika makazi ya Pine Street Inn.

Dawa hutolewa bure katika vituo vya umma, na kwa kawaida humezwa miezi sita. Kuzimaliza ndiyo kazi. Vidonge hulowa mvua, huibwa, hupotea katika msako wa kanjo, yaani askari wa jiji. Na vikimezwa tumbo likiwa tupu, mtu huchafukwa na roho.

Kenya imewahi kujaribu pingu. Mwaka 2010 wagonjwa walioacha dawa walifungwa gerezani Kapsabet. Machi 2016 Mahakama Kuu ikaamua kwamba kuwafunga kulikiuka katiba. Hata kitabibu ilikuwa hatari: mgonjwa anayekohoa katika seli iliyojaa huwaambukiza wenzake.

Toi ina njia bora. Dawa zikabidhiwe mtu anayemwona mgonjwa kila asubuhi, tuseme mama wa chai na mandazi, na mgonjwa azimeze pale pale akishatia kitu tumboni. Mhudumu wa afya naye apangiwe soko zima pamoja na kaya zake, ili mgonjwa asipotokea siku moja, kesho yake awe ameshaanza kumuulizia kibanda kwa kibanda.