Bomba Limefika, Fundi Yuko Wapi?

Mwaka 1971 Serikali ya Tanzania iliahidi kwamba ndani ya miaka 20 kila mwananchi wa kijijini angechota maji safi mahali pasipozidi mita 400 kutoka nyumbani kwake. Mwaka 1991 ukafika, ukapita. Sera ya Maji ya 2002 ikarudia mita zilezile 400, ikaongeza lita 25 kwa mtu kwa siku na kituo kimoja kwa watu 250. Ni vipimo vizuri. Kiangazi kikikaza Bukene, mkoani Tabora, hata hivyo, mama mwenye ndoo kichwani ana kipimo chake: ametoka saa ngapi, amerudi saa ngapi.

Si kwamba mvua hazinyeshi huku Unyamwezini. Zinanyesha, tena kwa kishindo, kuanzia Novemba hadi Aprili, kisha mbingu hufunga. Chini kuna mwamba wa itale. Kisima kifupi hukauka, kirefu huweza kuchimbwa kwa mamilioni na kisitoe kitu, na lambo lisilotunzwa hujaa tope. Misafara ya zamani iliijua nchi hii. Wapagazi waliotoka Tabora kwenda kaskazini, wakiwemo wale waliomfikisha mpelelezi Mwingereza Speke Mwanza mwanzoni mwa Agosti 1858, walitembea zaidi ya wiki tatu kulifikia Ziwa Victoria.

Sasa ziwa ndilo linalosafiri. Maji huvutwa Ihelele, wilayani Misungwi, na mradi wa kuyafikisha Shinyanga na Kahama ulizinduliwa 2009. Baadaye bomba likaendelezwa kutoka Solwa hadi Nzega, Igunga na Tabora kwa mkopo wa India wa dola za Marekani milioni 268. Tusisahau kwamba kabla ya bomba kulikuwa na ubishi. Mkataba wa 1929 kati ya Uingereza na Misri uliifunga mikono nchi yetu isiguse maji ya Ziwa Victoria bila ridhaa ya Cairo. Mwaka 1962 Nyerere alitangaza kwamba Tanganyika huru haifungwi na karatasi hiyo. Ilichukua zaidi ya miaka 40 kuligeuza tamko lile kuwa maji kwenye koki.

Wasanifu wa mradi waliweka mpaka: vijiji vilivyo ndani ya kilomita 12 kutoka bomba kuu viunganishwe. Bukene iko zaidi ya kilomita 30 magharibi ya Nzega. Siwalaumu wahandisi, maana kila kilomita ina bei yake na bomba haliwezi kupita kila mlango. Kwa mji wa namna hii bomba kuu hubaki habari ya redioni mpaka tawi lichimbwe. Lakini hata kilomita hizo 12 hazinitishi sana. Tawi hujengwa, wafadhili hupatikana, utepe hukatwa. Kinachonitisha ni mwaka wa pili na wa tatu baada ya utepe.

Mwaka 2009 shirika la WaterAid lilieleza kwamba asilimia 46 ya vituo vya maji vilivyoboreshwa katika vijiji vya Tanzania havikuwa vikifanya kazi. Asilimia 25 ya miradi ilikuwa imekwama miaka miwili tu baada ya kujengwa. Sababu zake hazina mvuto wa kupigiwa picha: mpira wa pampu uliochakaa, dizeli iliyokwisha, kamati isiyoitisha mkutano, fedha za mfuko zilizoyeyuka.

Wavumbuzi wa dunia nao wana lao. Afrika Kusini ilizaliwa PlayPump, bembea ya kuzunguka inayovuta maji watoto wakicheza. Mwaka 2006 zikatangazwa dola milioni 16.4 kuisambaza katika nchi za Afrika, lengo likiwa pampu 4,000 ifikapo 2010. Watoto wana shule na huchoka kucheza. Akina mama wakajikuta wanalisukuma gurudumu wenyewe, na likiharibika fundi wa kijiji hana la kufanya. Lengo halikufikiwa hata kwa karibu.

Kitui, Kenya, walianza upande mwingine. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walifunga kwenye pampu za mkono kifaa kidogo kinachotuma ujumbe wa simu kueleza pampu inavyotumika. Ikinyamaza, fundi anaondoka. Siku za kungoja matengenezo zikashuka kutoka takriban 27 hadi chini ya tatu. Hapo ndipo ilipotoka FundiFix, huduma ya matengenezo ambayo jamii huilipia kila mwezi. Kifaa kilisaidia, lakini nionavyo mimi kilichookoa pampu ni mshahara wa fundi.

Kwetu RUWASA, wakala wa maji vijijini, ilianza 2019, ikakabidhiwa maji ya vijijini, na chini yake kuna vyombo vya watumia maji vinavyokusanya malipo kwenye kilula. Muundo ni mzuri. Na wenyeji wa huku si wageni wa kutunza mali ya wote. Jirani zetu wa Shinyanga, mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulipoanza 1986, haukuwafundisha kitu kipya. Uliwarudishia ngitili zao, malisho yanayofungwa msimu wa mvua ili yaliwe kiangazi. Sheria zilisimamiwa na dagashida, yaani baraza la jadi, na sungusungu, walinzi wa jadi, wala si mtu wa mradi. Ngitili zilizohesabika kuwa takriban hekta 600 zikapita hekta 300,000. Mfadhili alipoondoka, ng'ombe hawakuondoka, na waliohitaji majani waliendelea kuzilinda.

Kwa hiyo, msomaji wa Bukene, Itobo au popote penye kilula: mkutano wa kijiji ujao usiulize tu maji ya ziwa yatafika lini. Uliza ndoo inauzwaje, fedha za mwezi uliopita ziko benki gani, fundi analipwa na nani, na vipuri vimehifadhiwa wapi. Omba taarifa ya mapato na matumizi isomwe kwa sauti mbele ya watu. Ni haki yako.