Kuchagua Chakula Kikavu cha Mbwa: Namna ya Kusoma Viambato na Kuepuka Sumukuvu

Utangulizi

Msomaji anaweza kujiuliza kwa nini daktari wa magonjwa ya ini ya binadamu aandike kuhusu chakula cha mbwa. Sababu niliipata kliniki. Ninapochukua historia ya mgonjwa mwenye manjano ambayo chanzo chake hakijafahamika, huuliza, pamoja na mambo mengine, kama kaya yake inafuga mbwa, na kama mbwa huyo ni mzima. Wengi hushangazwa na swali hilo, lakini majibu yao hufanana: mahindi huchambuliwa, yaliyo mazuri yakawa ya watu, na yaliyoota ukungu yakawekwa kando kwa ajili ya mbwa na kuku. Hivyo mbwa anakuwa wa kwanza kuonja sumu iliyomo ghalani, na akidhoofika hakuna anayeuliza kwa nini.

Kaya nyingine, hasa za mijini, zimeachana na pumba na dagaa na kununua chakula kikavu cha viwandani kilichotengenezwa kwa punje ndogo ngumu. Hapo napo mnunuzi hukuta mifuko mingi yenye picha za kuvutia, na tofauti kubwa ya bei asiyoelewa msingi wake. Makala hii inaeleza namna ya kulinganisha mifuko hiyo kwa maswali matatu. Je, chakula hiki ni kamili kwa umri wa mbwa wangu? Kina protini na mafuta kiasi gani baada ya kuondoa maji? Je, nafaka yake ni salama?

Swali la kwanza: Je, ni chakula kamili?

Chakula kamili ni kile ambacho mbwa anaweza kukitegemea peke yake kila siku bila kupungukiwa na kirutubisho chochote. Mbwa anahitaji protini yenye amino asidi muhimu, mafuta, vitamini, na madini, hususan kalisi na fosforasi katika uwiano unaofaa. Ugali mtupu wa mahindi humshibisha bila kumpa mahitaji hayo. Nyama tupu nayo ina fosforasi nyingi na kalisi kidogo mno, na mtoto wa mbwa anayelishwa hivyo huweza kupata mifupa laini inayovunjika kwa urahisi.

Kwa hiyo, kabla ya kutazama kitu kingine, tafuta kwenye mfuko maelezo yanayosema kuwa chakula ni kamili na kwamba kimekusudiwa mbwa wa umri gani. Mifuko mingi inayoagizwa kutoka nje hurejelea viwango vya AAFCO, chama cha maofisa wa udhibiti wa vyakula vya wanyama cha Marekani, au vya FEDIAF ya Ulaya. Kwa viwango vya AAFCO, chakula cha mbwa mzima kinatakiwa kuwa na protini isiyopungua asilimia 18 na mafuta yasiyopungua asilimia 5.5 ya uzito mkavu. Kwa mtoto wa mbwa, na kwa jike mwenye mimba au anayenyonyesha, protini isipungue asilimia 22.5 na mafuta asilimia 8.5.

Watoto wa mbwa wa aina kubwa, kama German Shepherd wanaopendwa sana kwa ulinzi, wanahitaji uangalifu wa ziada. Kalisi ikizidi, mifupa yao huweza kukua vibaya. Anayenunua chakula kamili kisha akaongeza unga wa mifupa ili mbwa awe imara anaweza kumletea ulemavu aliotaka kuuzuia.

Orodha ya viambato na hila ya maji

Viambato huorodheshwa kwa kufuata uzito wake wakati wa kuchanganywa, kuanzia kilicho kizito zaidi. Wanunuzi wengi husoma kiambato cha kwanza tu na kuhukumu kwacho. Wakikuta "nyama ya kuku" juu ya orodha, huamini kuwa chakula hicho ni nyama kwa sehemu kubwa.

Tuchukue mfano. Mtengenezaji amechanganya kilo 30 za nyama mbichi ya kuku na kilo 25 za mahindi. Kwa uzito, kuku ataandikwa kwanza. Lakini takriban asilimia 70 ya nyama mbichi ni maji, ambayo mengi yake hutoka wakati punje zinapopikwa na kukaushwa. Kilo 30 za kuku zitabakiza kilo 9 hivi za kitu kikavu. Mahindi, yenye maji yasiyofika asilimia 14, yatabakiza zaidi ya kilo 21. Katika punje anayokula mbwa, mahindi yatakuwa zaidi ya mara mbili ya kuku. Kinyume chake, chakula kilichoandikwa "kuku aliyekaushwa na kusagwa" huenda kikawa na protini nyingi zaidi ya mnyama, kwa kuwa maji yalikwisha kutolewa kabla ya kupimwa.

Hila ya pili ni kugawanya kiambato kimoja. Mahindi yanaweza kuandikwa mara tatu: mahindi yaliyosagwa, pumba za mahindi na gluteni ya mahindi. Kila sehemu, ikiwa nyepesi kuliko kuku, hushuka chini katika orodha, ingawa zikijumlishwa huishinda nyama kwa mbali. Msomaji makini huzijumlisha mwenyewe.

Nafaka si kasoro kwa yenyewe. Mbwa humeng'enya vizuri wanga uliopikwa, na mahindi au mchele safi ni chanzo halali cha nishati. Neno "bila nafaka" lisichukuliwe kuwa cheti cha ubora. Mwaka 2018 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilianza kuchunguza taarifa za mbwa waliopata ugonjwa wa moyo kupanuka, ambao wengi wao walilishwa vyakula visivyo na nafaka vyenye mbaazi, dengu na jamii nyingine za kunde kwa wingi. Uhusiano wa chanzo na matokeo haujathibitishwa, lakini taarifa hizo zinatosha kumfanya mnunuzi asilipie neno hilo bei ya ziada bila ushauri wa daktari wa mifugo.

Swali la pili: Protini kiasi gani bila maji?

Jedwali la uchambuzi huonesha kiwango cha chini cha protini na mafuta, na kiwango cha juu cha nyuzinyuzi na unyevu. Vyakula viwili vyenye unyevu tofauti havilinganishwi mpaka maji yaondolewe kwenye hesabu. Toa asilimia ya unyevu kutoka 100, kisha gawanya asilimia ya protini kwa jibu hilo na uzidishe kwa 100. Chakula kikavu chenye unyevu wa asilimia 10 na protini asilimia 27 kina protini asilimia 30 ya uzito mkavu. Chakula cha kopo chenye unyevu wa asilimia 78 na protini asilimia 9 tu kina takriban asilimia 41.

Hata hivyo, namba ya protini haisemi protini hiyo imetoka wapi. Maabara nyingi hupima naitrojeni, kisha hukadiria protini kutokana nayo. Manyoya yana naitrojeni nyingi, lakini yasipotayarishwa vizuri kiwandani mbwa huyameng'enya kwa shida. Mwaka 2007 mbwa na paka wengi huko Marekani waliugua na kufa kwa figo kushindwa kufanya kazi. Ilibainika kuwa gluteni ya ngano iliyotumika katika vyakula vyao ilitiwa melamini, kemikali ya viwandani yenye naitrojeni nyingi, ili ionekane kuwa na protini zaidi. Mwaka uliofuata melamini hiyo hiyo ilikutwa katika maziwa ya watoto wachanga nchini China. Watoto karibu 300,000 waliugua na sita walithibitishwa kufariki. Wanyama walikuwa wametangulia kutoa onyo.

Kwa sababu hiyo, pendelea chakula kinachotaja wazi mnyama aliyetumika, mathalani kuku, ng'ombe au samaki, kuliko kile kinachoandika "mazao ya wanyama" pasipo maelezo. Pendelea pia mfuko wenye jina na anwani ya mtengenezaji, namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi.

Swali la tatu: Je, nafaka ni salama?

Sumukuvu aina ya aflatoksini hutengenezwa na kuvu wa jamii ya Aspergillus wanaoota kwenye mahindi na karanga, hasa yanapopatwa na ukame shambani au yanapohifadhiwa yakiwa na unyevu. Upishi wa kawaida hauiangamizi. Ini ndilo linaloumia kwanza, na mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika kwa kiasi kidogo. Dalili zake ni kukataa chakula, kutapika, unyong'onyevu, mkojo wa rangi ya kahawia, ufizi na macho kuwa ya manjano, na kutokwa damu. Mbwa mwenye dalili hizi apelekwe kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo, na chakula chake kihifadhiwe kwa uchunguzi.

Mwaka 1974, magharibi mwa India, mahindi yenye sumu hiyo yaliua zaidi ya watu 100, na mbwa wa kaya hizo waliugua manjano pamoja na wenyeji wao. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, waliugua watu 317 na 125 wakafariki. Chakula cha kiwandani nacho hakina kinga ya asili: kati ya mwisho wa mwaka 2020 na mwanzo wa 2021, FDA ilitangaza vifo vya mbwa zaidi ya 100 vilivyohusishwa na chakula kikavu chenye aflatoksini.

Ni vema kufahamu kuwa sumu hii hujikusanya zaidi katika ganda na kiini cha punje. Kwa hiyo pumba huweza kubeba sumu nyingi kuliko sembe iliyotokana na mahindi hayo hayo. Anayempikia mbwa nyumbani atumie nafaka ambayo angekubali kuila mwenyewe. Mahindi yenye ukungu yasihamishiwe kwa kuku au ng'ombe pia, kwani sumu hiyo humrudia binadamu, hasa kupitia maziwa.

Ununuzi, gharama na utunzaji

Bei ya mfuko haitoshi kulinganisha gharama. Mbwa mzima wa kilo 20 anahitaji takriban kilokalori 1,060 kwa siku. Chakula chenye kilokalori 3,500 kwa kilo atakila gramu 300 hivi, na mfuko wa kilo 10 utadumu siku 33. Chenye kilokalori 3,000 atakila gramu 350, na mfuko utaisha kwa siku 28. Gawanya bei kwa idadi ya siku, ndipo utajua kipi ni rahisi.

Epuka kununua punje zinazopimwa kutoka kwenye gunia lililoachwa wazi dukani. Hazina tarehe wala namba ya toleo, huvuta unyevu, na mafuta yake huchacha. Nyumbani, acha chakula katika mfuko wake, ufunge vizuri na uuweke mahali pakavu juu ya kichanja. Mfuko uliofunguliwa umalizike ndani ya mwezi mmoja hivi. Punje zilizoshikamana, zenye harufu ya uvundo au ukungu zitupwe, ingawa ukumbuke kuwa sumukuvu huweza kuwepo pasipo kuonekana.

Mwisho, osha mikono kwa sabuni baada ya kumlisha mbwa, na watoto wadogo wasichezee punje hizo. Mwaka 2012 watu 49 huko Marekani na Kanada waliambukizwa bakteria wa Salmonella kutokana na chakula kikavu cha mbwa.

Hitimisho

Chakula bora cha mbwa ni kilicho kamili kwa umri wake, chenye protini inayotajwa chanzo chake, kilichotengenezwa kwa nafaka safi na kutunzwa pakavu. Kaya isiyomudu mfuko wa dukani inaweza kumpikia mbwa wake dona safi, dagaa wasio na chumvi na mboga kidogo, kwa ushauri wa daktari wa mifugo kuhusu madini na vitamini za kuongeza. Kilicho nje ya uwezo wa kaya yoyote ni kulimudu ini lililoharibika. Mbwa wako akikataa chakula ghafla na macho yake yakawa ya manjano, mtibu, kisha nenda ukakague mahindi ambayo watoto wako watayala jioni.