Bima ya Motokaa na Watu wa Nyumbani

Motokaa siku hizi si pambo la tajiri; ndiyo ipelekayo watoto chuoni, mgonjwa hospitali na jamaa maziarani. Lakini wengi wetu hukata bima kwa kumwogopa askari wa njiani, kisha wakaiweka karatasi yake bila ya kuuliza yamkinga nani. Yafaa tuulize leo, kabla ya siku ya ajali.

Sheria yamkinga nani? Sheria ya Kenya, Sura ya 405, iliyotungwa mwaka 1945, yamlazimisha mwenye gari awe na bima ya kumlipa mtu mwingine atakayeuawa au kuumizwa na gari hilo barabarani. Mpita njia akigongwa, haki yake ndiyo iliyolindwa. Gari lako likivunjika, bima hiyo haikulipi kitu. Hiyo ni kazi ya bima kubwa, ambayo mtu huichukua kwa khiari yake.

Je, mke na watoto waliomo garini? Hapa ndipo wengi wasipojua. Sheria hiyo haimlazimishi mwenye gari la nyumbani kuwakatia bima abiria wake. Lazima hiyo iko kwa magari yachukuayo watu kwa nauli, na kwa watu wachukuliwao kwa ajili ya kazi waliyoajiriwa. Basi baba aweza kulipa bima kila mwaka, na mkewe aliyekaa ubavuni mwake akivunjika mguu asipate hata senti. Dawa yake ni nyepesi: mwulize wakala, "Abiria wangu wamo?" na jibu ulitake kwa maandishi.

Kijana akiazima gari? Tazameni mkataba unawataja madereva gani. Kuendesha bila leseni, au kulichukuza gari la nyumbani abiria wa nauli, huweza kuvunja mkataba. Shirika laweza kukataa kulitengeneza gari; na hata likimlipa aliyeumia, laweza kumgeukia mwenye gari na kumdai. Ewe kijana, ufunguo wa babako ni amana.

Na dini yasemaje? Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, ilipokutana Jeddah mwaka 1985, ilikata shauri kuwa bima ya biashara yenye malipo maalumu ina gharari kubwa, nayo ni haramu. Ikaelekeza kwenye bima ya kusaidiana, ambayo watu huchangiana kwa nia ya kutoa. Hiyo ndiyo takaful, na nchini Kenya shirika la kwanza la namna hiyo lilianza kazi mwaka 2011. Ambaye haimfikii, na sheria yamlazimisha, na awaulize wanazuoni wa mji wake.

Tena tusisahau: aliyeua kwa kukosea ana diya na kafara, kama ilivyo katika Suratin Nisaa, aya ya 92. Shirika laweza kulipa fedha, kafara hailipi. Basi enyi wazazi, itoeni karatasi ile sandukuni muisome pamoja na watoto wenu, kisha muendeshe kwa taratibu.