Vifuniko Vinane Shauri Moyo

Jina la Shauri Moyo lilinipendeza tangu siku ya kwanza nilipolisikia. Mtaa huu wa Nairobi ulijengwa mwishoni mwa miaka ya 1930, wenyeji wa kijiji cha zamani cha Pangani walipobomolewa nyumba zao na wakoloni wakahamishiwa huku. Mtu kupiga shauri na moyo wake ni jambo ambalo sisi washairi hatulipingi. Lakini Jumamosi moja, nikiwa barazani na vijana si mbali na soko la Burma, moyo wangu ulinishauri vibaya.

Walikuwa wakicheza poka. Si ile poka ya mitaani, ambayo mchezaji hupunguza karata hata akatangaza "Niko kadi!", na mwenye chache ndiye wa kuogopwa. Hii ilikuwa ya Kimarekani: karata mbili za siri, tano za wazi, na mwenye akiba chache ndiye anayeliwa. Kwa kuwa nilifunzwa chuoni kwamba kamari ni haramu, tulicheza kwa vifuniko vya soda, na hakuna aliyetoa hata senti. Mwenye baraza aliahidi nyama: wa kwanza kilo moja, wa pili nusu, wa tatu robo. Tulianza tisa. Magharibi ikikaribia tulisalia wanne, nami nina vifuniko 20.

Katika mchezo huu, kila mgao watu wawili hutoa dau la lazima kabla ya kutazama karata, mmoja dogo na mwingine kubwa, na zamu huizunguka meza. Wakati ule yalikuwa 1 na 2. Basi kila mzunguko ulinila vifuniko 3 hata nikikaa kimya. Marehemu Paul Magriel, bingwa wa bakgamoni wa Marekani, aliacha hesabu nyepesi: gawanya akiba yako kwa gharama ya mzunguko mmoja. Dan Harrington, bingwa wa poka wa dunia mwaka 1995, akaieneza vitabuni. Jibu likishuka hadi 5, hakuna tena kuchezacheza: ama usukume vyote katikati, ama utupe karata. Mimi nilikuwa na 6 na kitu.

Moyo ukaninong'oneza: subiri, ree zitakuja. Mizunguko miwili ikapita, vikabaki 14. Dau likaongezwa, 2 na 4. Mzunguko mmoja zaidi, vikabaki 8. Hapo ndipo nikapata ree ya kopa na mfalme, yaani mzungu wa nne kwetu pwani. Nikasukuma vyote. Mwenye dau kubwa, fundi wa masanduku ya bati huko Kamukunji, hakufikiri sana.

"Mzee, naongeza 4 kushindania 14. Nitaachaje?"

Alikuwa na tisa na sita za uru. Karata ya mwisho ikaja tisa.

Wenzangu walinipa pole kwa bahati mbaya, na ni kweli, kwani mkono wake ungeshinda kama mara 4 tu katika 10. Lakini kosa nilikwisha kulifanya zamani. Lau ningesukuma vile 20 dau likiwa 2, fundi angelazimika kuongeza 18 kushindania 23. Kwa tisa na sita? Angezitupa, nami ningeokota 3 bila vita, ndiyo gharama ya mzunguko mzima. Silaha ya mwenye vichache ni kutangulia, na kwa vifuniko 8 silaha hiyo ni upanga wa mti. Wachezaji bao watanielewa: kete mojamoja zilizotapakaa hazianzishi mchezo, ingawa kete unazo.

Kungoja nako kuna wakati wake. Kama mwenzetu mmoja angekuwa na vifuniko 3, ningemwacha atoke mbele yangu nipate robo yangu. Na kumfuata aliyesukuma si sawa na kusukuma mwenyewe: anayefuata hamtishi mtu, kwa hiyo yataka karata nzito zaidi. Wala usimtishe mwenye lundo, hatishiki. Mtafute wa kati, mwenye cha kupoteza.

Wapenda kungoja hunisimulia Jack Straus, ambaye huko Las Vegas mwaka 1982, yasemekana, alidhani ameishiwa, akakuta kipande kimoja tu cha 500 kimejificha mezani, akatwaa ubingwa wa dunia. Kisa kitamu. Lakini kipande kile hakukitia mfukoni.

Fundi alitoka wa kwanza. Alinikatia ubavu mmoja, akaniuliza kama Jumamosi ijayo nitakuja. Nikamwambia aniwekee nafasi.