Pafu Lenye Makovu Mbele ya Kisu

Mimi ni daktari wa usingizi, na mgonjwa wa saratani ya mapafu namsikiliza kwanza mgongoni. Nikisikia mlio kama wa majani makavu kila avutapo pumzi, nikaona na ncha za vidole zimenenepa, naomba tena picha za CT skani. Mara nyingi ni makovu: mapafu yamekakamaa, hayatanuki vizuri, na oksijeni inaingia kwenye damu kwa shida.

Wenye makovu haya hupata saratani ya mapafu zaidi kuliko watu wengine, na wengi wao wamewahi kuvuta sigara. Ndugu wakiambiwa uvimbe bado mdogo, huniuliza, "Daktari, si utolewe tu?" Wana haki ya kuuliza. Lakini uvimbe unaweza kutoka wote, mshono ukapona, na bado mgonjwa akafa kwa sababu ya sehemu ya pafu iliyobaki.

Wajapani wamelichunguza jambo hili kwa upana. Mwaka 2014 walichapisha matokeo ya wagonjwa 1,763 wa saratani ya mapafu waliopasuliwa wakiwa pia na magonjwa ya makovu ya aina hii. Takriban 9 kati ya kila 100 walishambuliwa ghafla baada ya upasuaji: makovu yaliyokuwa yametulia yakawaka, pumzi ikawapaa. Katika hao walioshambuliwa, karibu 44 kati ya 100 walifariki. Steroidi walizopewa mapema kama kinga hazikuonekana kuzuia mashambulio hayo.

Wakati wa upasuaji pafu moja hulazwa, jingine likabeba kazi yote kwa mashine. Oksijeni kupita kiasi, mashine kusukuma hewa kwa nguvu na dripu nyingi vyote vinashukiwa kuchochea shambulio. Kwa hiyo nasukuma hewa kidogo kidogo, na oksijeni natoa ya kutosha tu.

Kukata kipande kidogo badala ya pande zima la pafu hupunguza hatari hii, ingawa saratani inaweza kurudi kwa urahisi zaidi. Tiba ya mionzi nayo huweza kuyawasha makovu. Hakuna njia salama kabisa, na naona ni dhuluma kumficha mgonjwa hilo.

Unayemsindikiza mzazi wako, muulize mpasuaji atakata kiasi gani na kama kitanda cha ICU kipo. Mkisharuhusiwa, mzee akianza kuhema hata baada ya wiki mbili, msingoje tarehe ya kliniki; mrudisheni hospitali usiku huohuo.